Mwalimu Aliyezungumza na Matundu

Katika karakana yetu ya Ukunda, nyuma ya maduka ya Kona ya Musa, tulimwita Mwalimu ingawa hakuwa na darasa wala chaki. Alikuwa na meza moja, kompyuta iliyonguruma kama friji kuukuu, na kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia hata mwenyewe akiwa msikitini. Kazi yake ilikuwa kuvipima vitu kabla havijakuwepo. Sisi tulitengeneza vitu vya bati la chuma: makabati ya majiko ya hoteli, mabomba ya kutolea moshi, vitako vya kuwekea matangi ya maji. Kabla mashine haijakata chochote, mchoro ulipita kwake, naye aliutwika mzigo ndani ya kompyuta kuona utapinda wapi na utapasuka wapi. Akisema haifai, haikatwi. Hata mwenye karakana, mtu wa kumfokea kila mmoja, akifika kwenye meza ile alishusha sauti.

Namwandika kwa sababu katika miaka yote tuliyofahamiana aliniomba nimfanyie kazi moja tu, na ningefurahi sana lau angemwomba mtu mwingine.

Nilifika kwake nimetoka chuoni, nina cheti kipya na kiburi kipya zaidi. Mimi ni mtoto wa watu wa bara. Wazazi wangu walikuja kulima Kikoneni kabla sijazaliwa, na Kiswahili changu kilikuwa cha haraka haraka. Asubuhi ya kwanza nikamwambia, "Sasa, Mwalimu!" Hakuinua kichwa. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaendelea kuchonga penseli yake. Fundi mmoja akanisogelea akaninong'oneza sikioni, nikarudi mlangoni, nikaingia upya na kusema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Karibu. Umeamkaje? Wazee hawajambo?" Akavuta kiti cha pili kama mtu aliyekuwa akinisubiri tangu jana.

Nilichukia kidogo siku ile, nakiri. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hakuwa akinidharau. Hakuweza kuanza jambo lolote katikati, basi.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kabati la jikoni. Niliuchukua mchoro mzima ulivyo, na unene wake wote, na kila bolti na kila kona ya mviringo, nikaiambia kompyuta ihesabu. Ikahesabu hadi adhuhuri. Ikahesabu hadi alasiri. Mwishowe ikazima yenyewe, nami nikabaki nimeikodolea macho. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua boksi tupu la majani ya chai, akaliweka mbele yangu.

"Lina unene hili?"

"Linao."

"Nikilikalia litabonyea wapi?"

Nikaonyesha ubavuni.

"Umepima unene wake kwanza?"

"La."

"Basi mbona kompyuta unaitesa?"

Ndivyo alivyonifundisha. Bati ni jembamba mno kulinganisha na upana wake, kwa hiyo huipi kompyuta mwili wake wote. Unalivua unene, unabaki na uso wake wa katikati tu, mwembamba usio na kitu, halafu unene unautaja kwa tarakimu: hapa milimita mbili, hapa tatu. Juu ya uso huo unasuka wavu wa viboksi vidogo, na kila kiboksi kinahesabiwa kinavyovutwa. Kazi ya siku nzima inakuwa ya robo saa. Lakini ukishalivua bati unene wake, kuta zilizokuwa zimegusana zinaachana, kwa kuwa ule mwili uliokuwa katikati yao haupo tena. Lazima uzishikanishe wewe, moja moja, kwa mkono. "Hapo ndipo wavivu wanapoanguka," alikuwa akisema. "Mchoro wanauona mzuri, kumbe ukuta umening'inia hewani."

Halafu kuna kufuta. Mchoro wa bati umejaa vitu vidogo visivyobeba mzigo: tundu la kupitishia waya, kona iliyoviringwa isimkwaruze mpishi, nembo ya karakana. Kila kimoja kinaulazimisha wavu uwe mdogo mno, na kompyuta inachoka. Programu ina amri ya kufuta matundu yote madogo kwa mpigo mmoja. Unaitajia kipimo tu, na kila kilicho chini ya kipimo hicho kinatoweka. Mwalimu hakuipenda amri ile. Yeye alikuwa akiyapitia matundu moja moja, kidole kikiwa kwenye kioo cha kompyuta, akizungumza nayo.

"Wewe, kazi yako nini? Waya? Nenda zako. Na wewe? Ah, wewe ni wa bolti, wewe unabeba. Kaa hapo hapo. Na huyu bwana mdogo pembeni anatafuta nini?"

Wageni walishangaa. Vijana wa kuchomelea walikuwa wakisema Mwalimu ana jini wa Kidigo anayependa bati. Mwenyewe alisikia akanyamaza, ila siku moja mmoja wao alipomletea mchoro wenye makosa alimwambia, "Jini amekataa," akamrudishia.

Usidhani alikuwa mtu wa kupendeka saa zote. Alikuwa na hasira za ghafla na alikuwa mbishi. Akikuuliza hesabu imetokaje nawe ukajibu "si mbaya", aliweza kukaa nawe kimya hadi magharibi. Mpira alikuwa akiusikiliza kwa redio ndogo aliyoibana baina ya bega na sikio, na timu yake ikifungwa hakuna aliyeambiwa neno jema siku hiyo. Shati lake lilikuwa jeupe daima, katika mahali ambapo sisi wote tulitoka tumepakaa grisi mpaka nyusi. Sijapata kujua aliwezaje.

Na yeye aliyetufundisha kufuta, nyumbani kwake Waa hakutupa kitu. Kulikuwa na funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea, feni isiyo na mapanga, viatu vya mguu mmoja. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa akinishika mkono nikifika na kunionyesha varandani. "Tazama, mwanangu. Huyu ndiye mnayemwita mtaalamu. Hata msumari uliopinda ana habari nao." Mwalimu alikuwa akijibu kutoka ndani, "Huo msumari nilimpa ndugu yako akaupinda yeye. Namwekea."

Ndugu huyo wa Mama ndiye tuliyemwita Shemeji. Mwalimu alimwita Shemeji, basi karakana nzima ikafuata, hata mimi niliyekuwa sina undugu naye wa karibu wala wa mbali. Alikuwa na mashine ya kukunja bati, na vicheko vyake vilisikika juu ya kelele zote. Yeye na Mwalimu walikuwa wakitaniana tangu asubuhi. Shemeji alidai kwamba Mwalimu hajawahi kukunja hata karatasi ya kufungia karanga. Mwalimu alidai kwamba Shemeji anapima kwa kukodoa jicho moja, na jicho lenyewe ndilo bovu. Wakati wa kula walikula sinia moja.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Shemeji hakulegeza. Bati likikunjwa pande mbili zinazokutana konani, pale konani hujivuta na kuraruka. Kwa hiyo kila kona sharti ikatwe kidogo kabla haijakunjwa, kijitundu cha mviringo tu, ili bati lipate nafasi. Tuliviita vikato. Mchoro ukiletwa bila vikato Shemeji aliurudisha. Akiwa na haraka alivitoboa mwenyewe na kumletea Mwalimu habari: "Bwana shemeji, nimeweka vyangu. Mwambie kompyuta wako."

Basi karakana ikapata kazi ya kitako cha tangi, kwenye paa la chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani. Kitako chenyewe kilikuwa cha bati lililokunjwa, kimebeba tangi la maji, na ubavuni mwake kukafungwa pampu. Kikapimwa kwa kompyuta, kikakatwa, kikakunjwa, kikafungwa. Kikakaa vizuri mpaka watu wakakisahau. Muda ulipopita, hoteli ikaleta malalamiko kwamba maji yanadondoka. Shemeji akaenda kutazama, kwa kuwa kilikuwa cha mkono wake na hakupenda mwingine aguse. Alikuwa amesimama chini yake, ameinua uso, kitako kilipoachia.

Tulimzika Waa siku ile ile, baada ya alasiri.

Waliochunguza walisema ni kutu. Hakuna aliyebisha. Hewa ya chumvi pale Diani inakula bawaba za milango, inakula minyororo ya baiskeli, inakula hata vijiko. Mwenye karakana akasema kutu, watu wa hoteli wakasema kutu, na msibani wazee wakasema ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na kutu ilikuwa sababu tu. Mwalimu hakusema neno. Alikaa mkekani na kanzu yake, akipokea mikono ya watu.

Mama aliishika kutu ikawa adui yake. Kila mwaka, wiki chache kabla ya Ramadhani, alikuwa akikwangua nondo zote za madirisha kwa msasa, chuma baada ya chuma, kisha anazipaka rangi ya kijani. Sufuria ikionyesha doa jekundu ilitupwa, na hapo hata Mwalimu mlimbikizaji hakufungua mdomo. Mwaka mmoja nilikwenda kumsaidia. Tulikuwa tumejifunga leso vichwani, vumbi jekundu limetujaa mikononi, naye akasema huku anakwangua, bila kunitazama, "Hiki ndicho kilichomla ndugu yangu. Mimi sikipi nafasi nyumbani mwangu."

Mwalimu alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo na kikombe chake cha chai. Nikamtania, "Mwalimu, na wewe shika msasa basi." Aliinuka akatoka nje ya ua. Chai yake akaiacha. Nilimwona mvivu, nikamcheka mbele ya mkewe, naye Mama akacheka pia.

Kazini tulimwona akibadilika, ila tulisoma vibaya. Aliacha kufuta. Yeye aliyekuwa akiyafukuza matundu kwa maneno, sasa aliyaacha yote, hata ya waya, hata herufi za nembo, na kompyuta ikanguruma hadi jioni kwa kabati la sahani. Nikimwambia, "Mwalimu, hili halibebi kitu," alijibu, "Liache kwanza." Mwenye karakana akaanza kupitisha kazi za haraka kwangu. Mwalimu hakulalamika. Alinisogezea kiti chake siku moja, kile kiti, akasema, "Kaa wewe. Mimi nimekuwa mzito." Vijana walisema ni uzee. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa huruma ya kujivuna, kama mtu aliyekwisha kumzidi mwalimu wake.

Kiharusi kilimpata nyumbani, akitawadha. Mkono wa kulia ukafa. Maneno yakawa mazito, lakini ukimpa muda yalikuja yote, na akili ilikuwa pale pale. Nilikuwa nikienda kumwona baada ya kazi, nashuka kwenye barabara ya Likoni na kuingia ndani kwa miguu. Mama alikuwa akimlisha, akimgeuza, akimnyoa ndevu, huku akimsimulia habari za majirani kana kwamba ni yeye aliyeuliza.

Alasiri moja Mama alikuwa ametoka kununua nazi. Mwalimu akaniita kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Kile kitako cha tangi," akasema. "Mchoro upo kwenye kompyuta yangu. Sijaufungua tangu siku ile."

Nikasogea karibu naye.

"Ilikuwa Ramadhani. Jua linazama. Shemeji amesimama nyuma ya kiti changu, ananiambia, 'Maliza bwana, futari inapoa, dada atatufukuza sote wawili.' Nilikuwa sijayapitia matundu." Akapumzika. "Nikatumia ile amri."

Kwanza sikuelewa. Nilijua ile amri. Mimi mwenyewe huitumia kila wiki. Kisha nikavikumbuka vikato, vile vijitundu vya konani, vyote vidogo, vyote chini ya kipimo ambacho mtu yeyote angekitaja.

"Kompyuta ilipima kitako ambacho hakina vikato," akasema. "Kona zote zimeziba, nzima. Ikaniambia salama. Shemeji akakunja kitako chenye vikato. Na pampu inatikisa pale usiku na mchana."

"Walisema ni kutu, Mwalimu."

"Walisema." Alinitazama kwa lile jicho la zamani, la mtu anayesubiri usimjibu "si mbaya". "Kila mwaka mke wangu anakwangua madirisha. Wewe umemwona. Nataka kujua anakwangua nini. Mkono wangu haufanyi kazi. Nifanyie wewe. Viache vikato. Weka pampu. Fanya kama nilivyokufundisha, na usinihurumie."

Nikamuuliza atafanya nini na jibu.

"Nitampa mwenyewe," akasema. "Ndugu alikuwa wake."

Nililifungua faili lile wakati wenzangu wamekwenda kula. Kwanza nikatazama kazi yake ya siku ile. Ilikuwa safi, kama kazi zake zote: kuta zimeshikanishwa, unene umetajwa, hakuna kilichoning'inia. Rangi ilikuwa buluu kitako kizima, na kijani kidogo miguuni. Buluu ni salama. Konani palikuwa laini kabisa, hakuna hata alama kwamba palikuwa na kitu.

Nikarudisha vikato. Nikauvua mchoro unene wake upya, nikashikanisha kuta, nikasuka wavu mdogo mdogo kuzunguka kila kona, nikajaza tangi, nikawasha pampu. Nikabonyeza. Nilikuwa nikimwomba Mungu wangu, na wa kwake pia, ije buluu.

Haikuja buluu. Kwenye kila kona, ukingoni mwa kile kijitundu, palikuwa na ncha nyekundu, na mtikisiko wa pampu ulikuwa ukiivuta na kuiachia, ukiivuta na kuiachia, mpaka chuma kinachoka na kupasuka.

Niseme ukweli wangu: nilimtafutia njia. Nikabadilisha wavu. Nikapunguza maji kwenye tangi. Nikafikiri huenda pampu nimeitikisa kupita kiasi, nikaipoza. Ile nyekundu ilififia, ikarudi, ikafifia, haikuondoka. Nikaizima kompyuta nikakaa kwenye kiti chake, nikalia, na nilimkasirikia sana. Lau angenifundisha vibaya kidogo tu, ningeweza kutolifahamu nililolitazama.

Kulikuwa na njia nyingine, na niliifikiria njiani kote. Ile picha yake ya buluu nilikuwa nayo kwenye laptopu niliyoibeba. Ningeweza kumwonyesha hiyo na kusema nimevirudisha vikato, na bado ni salama. Mzee mgonjwa, kioo kidogo cha laptopu, mwanga wa dirishani. Huenda angeniamini. Huenda angelala usingizi mara moja katika maisha yaliyobaki.

Nilipofika, Mama alikuwa amekaa kitandani ubavuni kwake, amemfunga taulo kifuani, anamlisha uji wa mchele. Madirisha yalikuwa yamepakwa rangi karibuni; harufu bado ilikuwamo chumbani.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Mwalimu wako leo amekula vijiko vingi kuliko jana, Alhamdulillahi. Hujambo? Mama yako hajambo?"

"Hajambo." Kisha nikasema, "Mama, naomba maji ya kunywa." Nilitaka atoke.

"Abaki," Mwalimu akasema.

Mama akanitazama, akamtazama mumewe. Kijiko kilikuwa mkononi mwake.

Sikuifungua laptopu. Mwalimu hakuniomba niifungue. Aliniuliza kama alivyokuwa akiniuliza siku zote mezani kwake, kwa mpangilio ule ule, ila neno moja moja na pumzi baina yake.

"Vikato, umeviacha vyote?"

"Nimeviacha."

"Kuta?"

"Nimeshikanisha. Hakuna iliyoning'inia."

"Wavu wa konani?"

"Mdogo. Mdogo kuliko uliokuwa ukiusuka wewe."

"Pampu umeihesabu?"

"Nimeihesabu."

"Na kutu," akasema. "Umeweka kutu kiasi gani?"

"Sikuweka, Mwalimu. Nililipima bati jipya."

"Na likapasuka."

"Ndiyo. Konani."

Akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa akimtazama mkewe. Akamwambia yote, mbele yangu, taratibu, kwa mdomo ule uliopinda upande mmoja: futari iliyokuwa ikipoa, Shemeji nyuma ya kiti, amri moja iliyofuta kila kitu kidogo. Hakusema kwamba alikuwa na haraka. Alisema kwamba hakuyauliza matundu kazi yake. Akasema, "Si kutu, mke wangu. Ni mimi."

Mama hakulia. Alinigeukia mimi, na sura yake ilikuwa ya mtu anayemuuliza daktari.

"Bila kutu?"

"Bila kutu, Mama."

Akatazama dirishani, zile nondo za kijani. Mwalimu hakuwa na mkono wa kumnyooshea, na ule uliobaki mzima ulikuwa upande wa ukutani. Nilisikia kuku nje, na mtu anapita na redio. Nilitamani Mama apige kelele, atukane, amwage kile kibakuli. Ningejua la kufanya.

Alichovya kidole kwenye uji.

"Umepoa," akasema. Akainuka akaenda jikoni kuupasha.

Alikaa huko. Tulisikia kiberiti, tukasikia sufuria, kisha hatukusikia kitu kabisa. Mwalimu alikuwa akilia kwa jicho moja. Lile jingine lilikuwa limekauka tangu augue. Nilimfuta kwa ile taulo. Nilimpenda mtu yule.

Mama alirudi na uji unatoa mvuke. Alikaa pale pale. Akaupuliza, akaukaribisha mdomoni kwake mwenyewe kuupima, kisha akampelekea mumewe kijiko. Mwalimu hakufungua mdomo.

"Kula," akamwambia.

Akala. Hakumsimulia habari za majirani siku ile. Alimlisha mpaka kibakuli kikaisha, akamfuta kidevu, akaifungua ile taulo na kuikunja.

Alinisindikiza hadi langoni kama ada yake. Lango lile ni la bati, lilipakwa rangi pamoja na madirisha. Aliweka mkono juu yake lakini hakunifungulia.

"Hivyo vijitundu vya ndugu yangu," akasema. "Vina ukubwa gani?"

Nikamwonyesha ukucha wa kidole changu cha mwisho. Akaushika mkono wangu, akausogeza kwenye mwanga, akautazama vizuri. Kisha akakishika kidole chake mwenyewe cha mwisho, akauangalia ukucha. Mwalimu aliita kutoka ndani, kwa lile jina ambalo yeye tu alikuwa akimwita, akaita tena.

"Naja," Mama akajibu, bado amekishika kile kidole chake.